Watoto wa shule na maji ya kunywa: mchezo uwe kwenye kugundua, tusiwashindanishe kunywa

#1 Funda kwa Funda (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Nimefundisha chekechea na darasa la kwanza kwa miaka mingi. Uzi huu naufungua kwa sababu ya kitu ninachokiona kikifanywa kwa nia njema kabisa: mwalimu anataka watoto wanywe maji, anawapanga mstari, anahesabu moja, mbili, tatu, na anayemaliza kikombe wa kwanza anapigiwa makofi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo. Siku moja mtoto mdogo kuliko wenzake wote alibugia vikombe vitatu mfululizo kwa sababu hakutaka kuwa wa mwisho. Alitapika palepale kwenye mkeka, akalia, na kwa karibu wiki mbili hakugusa tena kikombe cha darasani. Mchezo ule niliutunga kwa ajili ya watoto kama yeye, na yeye ndiye aliyeumia.

Tangu hapo nashikilia hivi: mchezo usiwe kwenye kunywa. Mchezo uwe kwenye kugundua. Maji yawe jirani, mtoto aamue mwenyewe kupiga funda.

Tena mashindano ya kunywa maji si salama hata kwa watu wazima. Maji mengi kwa mkupuo hushusha chumvi ya damu, yaani sodiamu, kuliko figo zinavyoweza kurekebisha. Mwaka 2007 huko Sacramento, Marekani, mtu mzima alifariki baada ya shindano la redio la kunywa maji. Mtoto wa kilo 20 ana nafasi ndogo zaidi ya kosa.

Lakini tusije tukaogopa maji. Tatizo la kila siku darasani ni watoto kunywa kidogo mno. Mtoto aliyezama kwenye mchezo kiu humjia, ila hana muda nayo. Akipungukiwa maji kwa asilimia 1 au 2 ya uzito wake, kwa kilo 20 ni mililita 200 hadi 400, kichwa kinaweza kuanza kuuma na akili kutangatanga. Sisi tunasema leo huyu ni mzembe, kumbe amekosa kikombe kimoja au viwili.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilitaja mwaka 2010 kwamba mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji kama lita 1.6 za maji kwa siku, yakihesabiwa pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Ukitoa ya chakula, vinabaki vikombe sita hivi vya mililita 200, na siku ya joto au ya kukimbia sana vinaongezeka. Hesabu hii ni yako wewe mwalimu na mzazi. Mtoto wa miaka mitano usimtajie mililita.

Sasa michezo. Ninaoupenda kuliko yote ni mwanasesere mwenye kiu. Mwanasesere anaingia darasani kimya, kainamisha kichwa. Nawauliza: huyu ana nini? Mwanzoni watoto husema amelala, ana njaa, amegombezwa. Polepole nawapa dalili: mdomo wake umekauka, kichwa kinamgonga, hataki kucheza, na alipokwenda haja ndogo mkojo ulikuwa wa njano iliyokoza. Atatokea mmoja tu aseme "ana kiu!" na darasa zima linamfuata. Kuanzia hapo kila siku mtoto mmoja ni daktari wa mwanasesere. Baada ya wiki kama mbili hivi utasikia mtoto anasema "mwalimu, mdomo wangu umekauka kama wa mwanasesere." Hilo ndilo ninalolitafuta. Watoto wengi hawajui jina la kile wanachokisikia mwilini, na asiyekijua kwa jina atakiendeaje?

Mwingine ni wa chupa kumi na mbili. Mwili wa mtoto ni maji kwa karibu sehemu sita kati ya kumi. Mwenye kilo 20 basi amebeba kama lita 12. Panga chupa 12 za lita moja zilizojaa, mtoto alale chini kando yake, wenzake wachore mzingo wake kwa chaki, kisha wazipange chupa ndani ya mchoro. Mbili kichwani, nne tumboni, watapanga wapendavyo. Halafu uliza: tukikimbia jua kali, maji yanatokea wapi? Wataonyesha jasho, machozi, mkojo, na mmoja atapumulia kioo uone ukungu. Kila jibu, mimina kidogo kutoka chupa moja kwenye beseni. Mara nyingi kabla sijasema neno, wawili watatu wameshainuka kufuata vikombe vyao.

Kuna jambo dogo la vikombe ambalo huleta ugomvi. Mpe mmoja glasi nyembamba ndefu na mwingine bakuli pana, maji sawasawa, wa bakuli atalia kwamba amepunjwa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, alilieleza zamani: hadi kwenye miaka saba hivi watoto wengi huhukumu kiasi kwa urefu. Kwa hiyo vikombe vya kunywea viwe vya umbo moja, kila kimoja na picha ya mwenyewe. Glasi ndefu na bakuli ziwekeni kwenye mchezo wa kumimina, hapo ugomvi wao ni somo zuri.

Na mwalimu anywe mbele yao. Sio chai yako ofisini. Maji, mezani pako, wakuone.

Karibuni tuongeze.

---

#2 Baba Pacha

Uzi mzuri mwalimu, hongera. Ila kama makofi ya kumaliza kikombe hayafai, nina swali kuhusu zawadi. Shule ya wanangu kila anayerudisha chupa tupu anabandikiwa nyota, na nyota kumi ni penseli. Mabinti zangu wanakunywa sasa kuliko zamani. Ubaya uko wapi?

---

#3 Funda kwa Funda (mleta mada)

Swali zuri mkuu, na sikatai kwamba nyota hufanya kazi. Hofu yangu ni siku nyota zitakapokwisha.

Mwaka 1984 mtafiti Leann Birch na wenzake walifanya jaribio na watoto wa umri wa chekechea kwa kinywaji cha maziwa yaliyochachushwa walichokuwa hawajakizoea. Kundi moja liliambiwa: ukinywa, utapata zawadi. Kundi jingine lilipewa tu kinywaji bila sharti. Baadaye walipoulizwa wanakipendaje, waliokuwa wakilipwa ndio waliokipenda kidogo kuliko mwanzo. Na hata mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliona kitu kinachofanana kwenye kuchora: watoto waliokuwa wakipenda kuchora, walipoahidiwa cheti, walichora kwa muda mfupi zaidi baadaye wakati hakuna cheti.

Ukimtazama mtoto ni rahisi kuelewa. Akilipwa ili afanye kitu, anajumlisha mwenyewe kwamba kitu hicho lazima ni kazi.

Halafu nyota za chupa tupu zina hatari nyingine: chupa huwa tupu kwa sababu maji yamemwagiwa maua. Nimeona kwa macho yangu, na simlaumu mtoto, ametimiza alichoombwa.

Kama nyota zimeshaanza, usizikatishe ghafla. Ziende kwenye kazi ya kuhudumia: aliyejaza jagi, aliyemkumbusha mwenzake, aliyeosha vikombe. Darasani kwangu kuna nahodha wa maji, anabadilika kila siku. Anapita na jagi baada ya michezo ya nje na kabla ya kipindi cha kusoma, na anauliza "nikumiminie?" Mtu anaweza kukataa. Ajabu ni kwamba mtoto akiulizwa na mtoto mwenzake hukataa mara chache sana.

---

#4 Mtunza Meno

Mimi ni mtu wa kliniki ya meno, niongeze upande wangu.

Wazazi wengi wanafikiri shida ni kiasi cha sukari tu. Shida kubwa ya meno ni *mara ngapi*. Kila funda la kinywaji chenye sukari huwapa bakteria chakula, wanatoa asidi, na pH ya kinywa (kipimo cha asidi: inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Mate huyarudisha, lakini yanahitaji kama nusu saa na zaidi ya kuachwa kwa amani. Mtoto anayetembea na chupa ya juisi akifyonza mrija kila dakika kumi hayapi mate nafasi hata kidogo. Bora amalize glasi moja ndogo na chakula, kisha maji.

Mchezo wetu ni wa mayai mawili. Moja ndani ya siki, moja ndani ya maji, glasi mbili za kuonekana. Ndani ya dakika chache la siki linavaa mapovu. Kesho yake ganda limelainika, ukiligusa linabonyea. Waambieni ukweli kwamba ganda la yai si jino, jino ni gumu zaidi na madini yake ni tofauti kidogo, ila yote mawili yana kalsiamu na yote mawili huliwa na asidi. Watoto wanaelewa, hawahitaji kudanganywa. Wanawe mikono baada ya kushika yai bichi.

Na wale wa maji yenye vipande vya limau: kuonja kwenye mchezo sawa, kuyafanya ya kutwa nzima kwenye chupa hapana. Jani la mnanaa au kipande cha tango halina neno.

---

#5 Mama Wawili

Naomba niseme kidogo kwa uchungu, mnisamehe.

Mwaka jana shuleni kwa mwanangu waliwafundisha vinywaji kwa taa za barabarani. Maji kijani, juisi njano, soda nyekundu. Siku ya sherehe ya familia mama yangu alikuwa na glasi ya soda. Mwanangu wa miaka sita alisimama mbele ya wageni akamwambia "bibi, wewe ni nyekundu." Mama hakusema kitu, aliiweka glasi chini na hakula vizuri siku ile. Na shuleni kulikuwa na mtoto ambaye kila siku anapakiwa juisi ya pakiti kwa sababu mama yake anatoka alfajiri kwenda kazini, wenzake wakamwita Nyekundu hadi akawa anaficha mfuko wake.

Mwanangu hakufundishwa kunywa maji pale. Alifundishwa kuwahukumu watu.

---

#6 Funda kwa Funda (mleta mada)

Dada, ulichosema nimekisoma mara mbili. Pole kwa mama, na pole zaidi kwa yule mtoto wa mfuko.

Nami niliwahi kutumia taa nikaziacha. Mtoto wa umri huu hatenganishi kinywaji na mnywaji. Ukimwambia kinywaji ni kibaya, anayekinywa naye ni mbaya.

Siku hizi tunapanga picha kwa *wakati* badala ya rangi. Kuna kikapu cha "saa yoyote", humo ni maji. Kuna cha "pamoja na chakula", humo ni maziwa na glasi ndogo ya juisi ya matunda. Kuna cha "siku moja moja", humo ni soda na vinywaji vitamu vingine. Hapo bibi ana soda yake siku ya sherehe na hakuna aliyekosa. Juisi huwa inaleta ubishi na wazazi, kwa hiyo niwape kipimo: madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, walishauri mwaka 2017 isizidi mililita 120 hadi 180 kwa siku kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, hata ikiwa ni tunda tupu lisiloongezwa sukari.

Kwa wakubwa kidogo, kuanzia darasa la pili, wanaweza kucheza upelelezi wa sukari. Wanasoma gramu kwenye lebo, wanagawanya kwa nne, wanapata vijiko vya chai. Kopo la soda la mililita 330 lina kama gramu 35, karibu vijiko tisa. Wapime kwa mchanga mkavu badala ya sukari, nawaambia kwa kuwa nilipoleta sukari halisi nusu ya darasa walilamba vidole. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, ikiwemo ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5. Kwa mtoto anayetumia kilokalori 1,500 ile 5 ni gramu 19 hivi, vijiko visivyofika vitano. Watoto wakiona rundo la vijiko tisa kando ya rundo la vijiko vitano hawahitaji hotuba, na rundo halina jina la mtu.

Sharti langu moja kwenye mchezo huu: chupa na makopo yanatoka kabatini kwangu, kamwe si kwenye mfuko wa mtoto yeyote.

---

#7 Mkuu Mstaafu

Nimeongoza shule za msingi hadi kustaafu. Michezo yenu ni mizuri, lakini mmeruka choo.

Watoto wengi hawanywi maji shuleni kwa kukusudia. Wanajua wakinywa watataka kwenda haja ndogo, na choo kinanuka, mlango hauna komeo, wakubwa wanachungulia, au mwalimu atasema "subiri mapumziko." Mtoto wa miaka sita anapiga hesabu hiyo vizuri kabisa na anaamua kukaa na kiu. Baadaye ni kufunga choo, ni maambukizi ya njia ya mkojo, wasichana hasa. Ucheze mchezo gani hapo?

Nilipoelewa hili, wala si mapema kama nilivyopaswa, nilianza na komeo, sabuni, na kanuni moja kwa walimu: mtoto wa madarasa ya chini akiomba kutoka, anatoka. Walimu waliogopa darasa litahama. Siku tatu za kwanza lilihama kweli. Wiki iliyofuata lilitulia.

Jambo jingine, maji yawepo. Pale Dortmund na Essen, Ujerumani, mwaka wa masomo 2006/2007, walichukua shule 32 zenye watoto karibu 3,000 wa darasa la pili na la tatu kwenye maeneo yenye hali duni. Shule za kundi moja ziliwekewa mabomba ya maji ya kunywa, watoto wakapewa chupa, walimu wakafundisha vipindi vinne tu kuhusu maji. Mwisho wa mwaka watoto wale walikuwa wanakunywa glasi 1.1 zaidi kwa siku kuliko wenzao, na hatari ya kuwa na uzito uliozidi ilikuwa chini kwa asilimia 31. Vipindi vinne! Naamini bomba la karibu na utaratibu wa kujaza chupa kila asubuhi vilikuwa na mkono mkubwa. Na tusijidanganye, unywaji wa soda na juisi haukupungua kwa kiasi cha kuonekana. Maji yaliongezeka juu yake. Soda inahitaji kazi yake peke yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko nyumbani na kwenye kile shule inachoruhusu kuuzwa getini.

---

#8 Msomaji Kimya

Shikamoo Mkuu. Kijana wangu wa miaka saba bado anakojoa kitandani, kwa hiyo tulikuwa tunambania maji kutwa nzima. Tumekosea?

---

#9 Mtunza Meno

Nimemwomba mwenzangu wa kliniki ya watoto, anasema hivi: usimbanie mchana. Anapofika jioni na kiu ya kutwa ndipo anakunywa mengi wakati mbaya. Mpeni ya kutosha asubuhi na mchana, jioni kwa kiasi, choo kabla ya kulala. Kwa miaka saba ni jambo la kawaida kuliko mnavyodhani. Mpelekeni hospitali kama alikuwa ameacha kisha ikarudi, au anaumwa akikojoa, au ana kiu isiyokatika huku anapungua uzito. Hiyo ya mwisho msiichelewe hata siku moja.

Nami niongeze moja nisije kusahau: vinywaji vya kuongeza nguvu si vya watoto hata siku ya sherehe. Kopo la mililita 250 huwa na kama miligramu 80 za kafeini. EFSA mwaka 2015 ilichukua miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kuwa kiwango kisicho na wasiwasi kwa watoto, yaani 60 kwa mtoto wa kilo 20. Kopo moja linapita.

---

#10 Baba Pacha

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jana jioni nilijaribu mwanasesere mwenye kiu na mabinti zangu. Yule wa kwanza alimnywesha mara moja, akamfunika na kitenge, kazi imeisha. Wa pili, ambaye chupa yake hurudi tupu kila siku na ana nyota nyingi kuliko dada yake, alimtazama mwanasesere muda mrefu. Akaniambia, "huyu hataki maji baba. Akinywa atataka kukojoa, na kule chooni kuna giza."

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, basi maji ya kwenye chupa yake mwanasesere anayapeleka wapi? Akasema, "kwenye mti wa karibu na geti."

Mwalimu, uliandika hapo juu kuhusu kumwagia maua. Nilipita sentensi ile nikidhani ni watoto wa wengine. Kesho asubuhi naenda shuleni. Niseme nini?

---

#11 Funda kwa Funda (mleta mada)

Nenda mapema kabla ya kengele, mwalimu akiwa peke yake. Usianze na nyota wala mti, maana binti ataulizwa mbele ya wenzake. Anza na taa ya choo: mwombe muende mkakione pamoja, milango ikiwa imefungwa kama mtoto anavyokikuta. Kama taa itachukua siku kadhaa kurekebishwa, omba aruhusiwe kwenda na dada yake. Na leo usiku mwambie binti kwamba mwanasesere alifanya vizuri kusema.